Chupa ya kioo haitupwi mtoni: jinsi ya kupanga malipo yanayolinda mto wa mtaa wako

Shuka hadi ukingo wa mto Ngong pale Mukuru, jijini Nairobi, au mto Mathare chini ya kivuko chochote, uanze kuhesabu chupa. Za plastiki utachoka kabla hujamaliza. Ya soda ya kioo, ile inayorudishwa dukani, huenda usiione hata moja. Wanywaji ni wale wale, kioski ni kile kile, na wote wamesikia mahubiri yale yale kuhusu usafi. Ila muuza duka hakuachi uondoke na chupa yake ya kioo kabla hujaweka pesa ya chupa, au anakuambia unywe hapo hapo umrudishie. Chupa hiyo ina mtu anayeisubiri. Ya plastiki, ikishakuwa tupu, haina anayeidai.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha vijana, kamati ya ploti au chama cha akina mama waliochoka na usafi wa Jumamosi: mnaokota, mnapiga picha, na ikifika Jumatano taka imerudi. Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou alilieleza tatizo hili mwaka 1920: kuna gharama ambazo mtu huwatwika wengine bila yeye kulipa chochote, na dawa ni kuziingiza katika bei anayoiona. Mto Nairobi hauhitaji profesa kulionyesha hilo. Anayetupa mfuko Kawangware hasikii harufu yake. Anayeisikia yuko Korogocho, na baada yake yuko mkulima wa huko chini kwenye mto Athi.

Kuwahimiza watu wapende mazingira ni kazi nzuri na siipingi. Ila mpango unaotegemea upendo peke yake hufa siku ile kiongozi wake anapopata kazi Mombasa.

Hatua ya 1: Chagueni kipande kidogo na kitu kimoja

"Kulinda mazingira" si kitu unachoweza kukilipia. "Kusiwe na magunia ya taka kati ya kivuko cha shule na kile cha kanisa" ni kitu unachoweza kukilipia, kwa sababu yeyote anaweza kwenda kuangalia akarudi na jibu la ndiyo au hapana. Chagueni kipande mnachoweza kukitembea chote mara moja kwa wiki bila kuhitaji nauli. Mkishindwa kukubaliana mnapima nini, msichange pesa bado.

Hatua ya 2: Fuateni pesa ya taka mpaka inapoishia

Kaeni hapa muda mrefu, maana karibu kila mpango unaoanguka Nairobi unaangukia hapa.

Katika ploti nyingi mpangaji analipa pesa ya taka kila mwezi, ama ndani ya kodi ama kwa kijana anayepita na magunia. Mpangaji anataka taka imtoke mlangoni. Keateka, yaani mtunza jengo, anataka pipa liwe tupu kabla mwenye nyumba hajapita. Mwenye nyumba anataka nyumba zisikae bila wapangaji. Na mwenye mkokoteni? Yeye analipwa kwa kuondoa. Hakuna anayemlipa kwa kufikisha.

Mkienda kuzungumza naye, msimuulize "Ndugu, taka unatupa wapi?" Atawajibu vile mnavyotaka kusikia. Muulizeni, "Mzigo ukijaa, kuufikisha kwenye lori kunakugharimu ngapi?" Hilo atalijibu kwa furaha, tena kwa undani, maana ndilo linalomuumiza.

Chukueni mfano, na tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu, wekeni zenu. Ploti yenye milango 40, kila mlango shilingi 200 kwa mwezi: 8,000. Inatoa magunia 10 kwa wiki, na lori linaloelekea jalala la Dandora linatoza shilingi 100 kwa kila gunia. Hiyo ni 1,000 kwa wiki, karibu 4,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kila mwezi mto unamuahidi huyu kijana shilingi 4,000 akikubali tu kupita njia ya chini usiku. Nusu ya mapato yake! Kumwita mhuni ni rahisi, lakini wekeni mtu yeyote mwenye watoto mahali pake muone mwisho wake.

Dawa haihitaji pesa mpya nyingi. Zile 8,000 zigaweni mara mbili. 4,000 zinabaki zake za kukusanya mlango kwa mlango. Hizo nyingine 4,000 zisipitie mkononi mwake kabisa. Mhazini anazituma moja kwa moja kwa mwenye lori kwa M-Pesa, kulingana na magunia yaliyofika. Sasa akitupa mtoni haokoi chochote. Kisha muongezeeni shilingi 20 kwa kila gunia lililofika. Magunia 10 kwa wiki ni 800 kwa mwezi, ambayo ni shilingi 20 zaidi kwa kila mlango. Gunia lililokuwa hasara kwake likifika kwenye lori, sasa ni hasara lisipofika.

Magunia yenyewe yanaweza kupungua. Zaidi ya nusu ya taka ya nyumbani Nairobi ni maganda, mabaki ya chakula na majani ya mboga. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka itenganishwe kule kule inakotoka, ile inayooza kando na ile kavu. Ndoo mbili kwa kila ngazi ya jengo zinatosha kuanza. Maganda yanakwenda kwa mfugaji wa nguruwe au kwenye mboji, na plastiki inabaki kavu. Plastiki kavu ina mnunuzi kwenye yadi ya vitu chakavu. Iliyopakwa ugali na mchuzi haina.

Hatua ya 3: Chagueni aina ya malipo, na muwe waangalifu na ada

Kitabuni, njia safi kuliko zote ni kumtoza mtu kadiri anavyotupa: mfuko mmoja bei moja, mifuko miwili bei mbili. Mimi siipendekezi kwa mtaa ulio jirani na mto. Inafanya kazi mahali ambapo kutupa kwa siri ni kugumu. Mahali ambapo ukingo wa mto uko hatua ishirini kutoka mlangoni na taa ya barabarani imeungua, kila shilingi unayoongeza kwenye pipa ni sababu ya kwenda mtoni. Toza ada isiyobadilika kwa mwezi, na pesa ya motisha iweke upande wa kurudisha.

Marufuku nayo ina mahali pake. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, mabadiliko yalionekana haraka kwenye maduka na masoko. Mfuko ulitoka viwandani na uliuzwa mchana kweupe. Ireland ilipita njia ya bei: mwaka 2002 iliweka ushuru wa senti 15 za yuro kwa kila mfuko, na matumizi yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Njia zote mbili zilifaulu kwa sababu mfuko unapita kaunta. Gunia linalotupwa saa nane za usiku halipiti kaunta yoyote, na askari wa kaunti hawezi kulala ukingoni.

Kwa hiyo zinabaki mbili zinazokifaa kikundi kidogo: pesa ya chupa, na malipo ya matokeo yanayokuja katika Hatua ya 4.

Pesa ya chupa ni ile ya kioo, mkiihamishia kwenye plastiki. Vioski vitano vinakubaliana kuongeza shilingi 5 juu ya kila chupa ya plastiki, na anayeirudisha, hata kama siye aliyeinunua, anapewa zile 5. Watoto watazimaliza chupa barabarani kabla ya jua kuzama. Shida yake mtaiona mapema: chupa zitaanza kuja kutoka mitaa ambayo haikulipa, na mfuko wa dipoziti, yaani wa hiyo pesa ya chupa, utakauka. Ndiyo maana nchi zenye mfumo huu, kama Ujerumani iliyouanza mwaka 2003 kwa makopo na chupa za kutumiwa mara moja, huweka alama kwenye chupa. Nyinyi mnaweza kutumia stika yenye muhuri wa kikundi, inayobandikwa na muuza duka wakati wa kuuza. Stika zihesabiwe kama pesa, maana ndivyo zilivyo. Mkiona kazi ya stika imewashinda, achaneni na dipoziti. Nunueni chupa kwa kilo kwa bei ya yadi na kanyongeza kidogo, na kubalini kwamba mtakuwa mnasafisha na mitaa ya jirani. Si hasara mbaya.

Hatua ya 4: Udanganyeni mpango wenu kabla wengine hawajaudanganya

Mwaka 1902 Wafaransa waliotawala Hanoi, Vietnam, walikuwa wanapigana na panya. Wakatangaza malipo kwa kila panya aliyeuawa, na ushahidi ukawa mkia. Mikia ikaja kwa wingi. Kisha maofisa wakaanza kuona mjini panya wazima wasio na mikia: watu walikuwa wanamkata mkia na kumwachilia akazae wengine. Nje ya mji wakakuta watu wanafuga panya kabisa. Hakuna aliyevunja sharti. Wafaransa walilipia mikia, wakapewa mikia.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza lolote, kaeni jioni moja na watu wajanja kuliko wote mtaani. Mwalikeni na yule kijana ambaye kila mtu anamlalamikia, yeye ndiye mtaalamu wenu. Muulizeni: ungekuwa wewe, ungekulaje pesa hii bila kusafisha mto?

Majibu yanajulikana. Ukilipa kwa gunia la taka iliyotolewa mtoni, kuna atakayejaza gunia kwenye jalala la karibu akaliloweshe kidogo. Ukilipa kwa kilo, chupa zitakuja na maji au mchanga ndani. Dawa ya hilo ni rahisi: chupa ziwe zimekanyagwa, bila vifuniko, ndani ya gunia la wavu linalopenya mwanga. Ukilipa kwa siku za kazi, siku zitakuwa nyingi na kazi chache. Na mkilipa kwa gunia lililofika kwenye lori, kama nilivyopendekeza hapo juu, magunia yataanza kuja nusu. Wekeni mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza viazi, na uzito wa chini unaokubalika.

Malipo magumu zaidi kuyadanganya ni yale ya hali ya mahali: ukingo ukiwa safi Jumamosi asubuhi, kikundi kinalipwa; usipokuwa safi, hakilipwi, hata kama walifanya kazi usiku kucha. Ni makali, na yatawafanya wao wenyewe wawe walinzi. Ila mvua kubwa ikinyesha juu huko Kikuyu, taka ya watu wengine inashuka. Wiki kama hiyo lipeni kwa kazi iliyofanyika, na liandikwe mapema ili lisigeuke ugomvi. Kinyume chake pia kipo: mafuriko yanaweza kuusomba uchafu wote ukingoni na kuwaachia mto unaong'aa. Hilo si la kulipana bonasi.

Kwa miti kanuni ni ile ile. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwalipa akina mama senti chache kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliopandwa. Tofauti ya neno hilo moja ndiyo mpango mzima. Nairobi imejaa picha za wakubwa wakiwa na koleo na mche mkononi. Ni wangapi hurudi Septemba kuuangalia? Mkipanda mianzi au miti ya kiasili ukingoni wakati wa mvua za Machi hadi Mei, lipeni sehemu ndogo ya kwanza baada ya kiangazi cha katikati ya mwaka, na sehemu kubwa baada ya kile cha Januari na Februari. Mche uliovuka hapo una nafasi nzuri ya kuishi.

Hatua ya 5: Msigeuze faini kuwa tiketi

Kila mkutano wa ploti kuna atakayesimama aseme, "Anayetupa ovyo apigwe faini ya shilingi 100!" na wote watapiga makofi. Subirini kidogo.

Watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 jaribio walilolifanya katika shule za chekechea mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto, shule kadhaa zikaweka faini ndogo. Wachelewaji wakaongezeka hadi karibu maradufu. Hapo awali mzazi aliona haya kumchelewesha mwalimu; sasa alikuwa ananunua muda wake. Na faini ilipoondolewa, haya haikurudi.

Faini ya shilingi 100 kwa kutupa mtoni itafanya kazi hiyo hiyo: mwenye baa atailipa kila Jumatatu na kuwaomba risiti. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza vijiji vilivyotunza maji, misitu na malisho ya pamoja kwa vizazi vingi, akakuta adhabu zao zinapanda kwa ngazi. Kosa la kwanza ni dogo sana, karibu maneno matupu, lakini linasemwa na majirani wanaomjua mhusika. Linalofuata linauma zaidi. La mwisho linamtoa mtu kwenye kundi. Kwa ploti: mara ya kwanza wazee wawili wanabisha mlango na kuzungumza naye kwa heshima, mara ya pili anasafisha kipande fulani mwenyewe, mchana, watu wakipita, mara ya tatu jina linapelekwa kwa mwenye nyumba na kwa chifu. Pesa haikutajwa popote, na nadhani ni afadhali isitajwe.

Hatua ya 6: Mtafuteni anayefaidika, na mlipe kwa wakati unaouma

Pesa ya kudumu hutoka kwa mtu ambaye mto mchafu unamgharimu. Maji mengi ya Nairobi, kama asilimia 95, hutoka bonde la mto Tana. Udongo unaomomonyoka kwenye mashamba ya Murang'a na Nyandarua huyachafua na kufanya kuyasafisha kuwa ghali. Ndipo mwaka 2015 ukazinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya juu na Nairobi: wanaoyatumia maji mjini wanachangia, wakulima wa juu wanasaidiwa kuchimba matuta, kupanda nyasi za napia na kutengeneza mabwawa madogo ya kuvunia mvua. Mkulima anapata lishe ya ng'ombe, mji unapata maji yasiyo na tope.

Mtaani kwenu anayefaidika ni nani? Mwenye nyumba za ukingoni ambaye vyumba vya chini hujaa maji kila mtaro unapozibwa na plastiki. Shule inayopakana na mto. Mwenye gereji. Waendeeni mmoja mmoja, mkiwa na hesabu ya hasara yao mkononi, kabla hamjafikiria kuandika barua kwa mfadhili wa ng'ambo. Katika Dandora, ambako nyumba zilijengwa miaka ya 1970 zikizunguka viwanja vya pamoja, kuna vikundi vya vijana vilivyosafisha viwanja hivyo na kujilipa kwa ada ndogo ya wakazi na maegesho ya magari. Uwanja safi ukawa ndio chanzo cha mshahara wao, kwa hiyo hawauachii uchafuke.

Kuhusu wakati wa kulipa, jifunzeni kwa Kitengela. Kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ulianza mwaka 2000 mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie ua wala kuuza vipande, pundamilia na nyumbu wapate njia. Ukiilinganisha na bei ya ploti Kitengela, pesa hiyo ni kidogo. Ila ililipwa mara tatu kwa mwaka, shule zikifunguliwa, wakati karo ndiyo inayomfanya mzee afikirie kuuza. Vijana wenu walipeni kabla ya tarehe 5, kodi inapodaiwa.

Hatua ya 7: Andikeni ukurasa mmoja

Msiandike katiba. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachosomeka, ubandikwe kwenye lango na utumwe kwenye kundi la WhatsApp: kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi, nani anapima, siku gani, analipwa nani kiasi gani, na mpango unakaguliwa lini. Picha nne zipigwe kila Jumamosi kutoka mahali pale pale, na mbili zaidi kutoka kipande cha jirani msichokigusa. Bila hizo mbili hamtajua kama ni nyinyi au ni mvua. Anayebeba taka kwa malipo anahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na ya kaunti, kwa hiyo hakikisheni mwenye lori anazo, na mpitieni chifu kabla hajasikia kwa wengine.

Mwenye mizani na mwenye pesa wasiwe mtu mmoja, wala watu wa nyumba moja. Mhazini atume taarifa ya M-Pesa kwenye kundi kila mwisho wa mwezi bila kuulizwa. Mwenye mizani abadilishwe kila mwezi, na asipime gunia la ploti yake. Bei ya chupa kwenye yadi hupanda na kushuka. Ikishuka chini ya ile mnayolipa nyinyi, mkutano uitwe wiki hiyo hiyo, kabla mfuko haujaisha.